Nimepewa kazi ya fundi wa apatimenti Forest Mpya, laki tatu na nusu kwa mwezi. Nikubali au nibaki kijiweni?

Fundi_Nzovwe

Habari zenu wakuu, poleni na baridi maana huku Mbeya mwezi huu hata spana ukiishika asubuhi inakung'ata.

Naombeni ushauri ndugu zangu niko njia panda. Mimi ni fundi bomba, cheti cha VETA ninacho, umeme nimejifunzia kazini kwa fundi mmoja wa Mwanjelwa kwahiyo waya nazijua ila leseni sina. Miaka yote nimekuwa deiwaka, kijiwe chetu kiko Kabwe nje ya maduka ya hadwea, mtu anakuja choo chake kimeziba au koki inavuja anakuchukua mnakubaliana bei unapiga kazi unalipwa jioni unarudi kwako. Kuna wiki unatoka na laki na nusu safi kabisa, kuna wiki nyingine unapiga soga tu na chai unakunywa ya mkopo.

Sasa juzi dalali mmoja kanikutanisha na mzee mmoja mwenye apatimenti pale Forest Mpya. Jengo la ghorofa tatu, flati kumi na mbili, wapangaji ni watu wa maofisini na mabenki, wahadhiri wawili watatu. Anataka fundi mmoja wa kudumu, anasema amechoka kila siku kutafuta fundi mpya. Anatoa laki tatu na nusu kwa mwezi plus chumba cha uani nakaa bure, umeme na maji juu yake. Kazi ni "kila kitu kinachoharibika", hayo ni maneno yake. Nikamuuliza saa za kazi ni zipi akacheka akasema saa za nini tena wakati utakuwa unaishi hapahapa. Mkataba hajautaja na mimi niliona aibu kuutaja.

Alafu kuna hiki kitu kimenikosesha raha. Akanizungusha jengo zima, tukafika flati moja ya juu nikafungua boksi la breka. Breka ya shawa ya moto ni ya ampea 40, plastiki yake upande mmoja imebabuka imekuwa kahawia na pale kwenye skrubu waya umeganda na ganda lake kama umekaangwa, na waya wenyewe ni mwembamba, wa milimita za mraba 2.5. Mpangaji anasema mwanzo ilikuwa ya 20 ikawa inakata kila asubuhi mtu akiwa na povu kichwani, fundi aliyepita akaweka hiyo kubwa, toka siku hiyo haijakata. Mzee anaona yule fundi alikuwa mjanja kweli na anataka nianze kazi kwa kuwawekea na wapangaji wengine wanne wanaolalamika hivohivo.

Mi nikaguna tu. Sasa wakuu, kwanza hiyo kazi kwa hela hiyo inalipa? Pili hilo la breka namwambiaje mzee wa watu bila kuonekana najifanya najua sana kabla hata sijaanza?

Ndaga_Fijo

Chumba cha uani bure maana yake umeuza usingizi wako mkuu 😂 saa kumi usiku utasikia ngo ngo ngo fundi maji yamekatika

Mnyalu wa Kihesa

Kamwene mkuu. Nimefanya hiyo kazi hapa Iringa kwenye majengo mawili tofauti na mpaka leo naifanya kwahiyo nisikilize vizuri.

Laki tatu na nusu na chumba sio mbaya sana ukipiga hesabu ya kodi na nauli, na raha ya kazi hii ni kwamba jengo unalijua. Fundi wa kijiweni anaenda kwenye nyumba asiyoijua anaanza kubomoa ukuta kutafuta bomba, wewe wa jengo unajua bomba limepita wapi maana ulishalifungua. Mimi nikianza jengo jipya siku za mwanzo sigusi kitu, nazunguka natafuta koki za kufungia maji tu. Ipi inafunga jengo zima, ipi inafunga upande, ipi inafunga flati, ipi imekufa hata uzungushe mpaka kesho haifungi. Utashangaa majengo mengi hayana koki ya flati moja moja, yani ukitaka kubadilisha flekisibo ya sinki ya mtu mmoja inabidi ukate maji watu wote kumi na mbili, na hapo ndo ugomvi unapoanzia. Nikishazijua nazichora kwenye daftari na naandika kwa peni ya kudumu kwenye ukuta wa tanki. Siku bomba likipasuka usiku wa manane huna muda wa kufikiria.

Hilo daftari ndo litakalokulinda. Kila kazi andika tarehe, flati, nini kilikuwa kibovu, umeweka nini, spea imetoka duka gani kwa bei gani, risiti bana na stepla. Mana neno linalowaua mafundi wa majengo sio kazi, ni "fundi anakula hela ya spea". Mwenye jengo akishaanza kuwaza hivo hata ukinunua washa ya mia tano anaona umepiga.

Sasa tatizo lako mkuu sio mshahara, tatizo ni hayo maneno "kila kitu kinachoharibika". Hilo neno halina mwisho. Leo koki kesho kitasa keshokutwa dishi la tivi la mpangaji wa chini, mara umshushie mama fulani mtungi wa gesi, mara ukamate paka aliyeingia darini. Mimi jengo la kwanza nilifyekeshwa mpaka majani na kuosha gari la bosi, na nilikuwa naona ni sawa kwasababu nalala hapo. Mwambie azitaje kazi. Maji, vyoo na maji taka, vitasa na milango, taa na soketi, rangi ndogondogo, kusafisha matanki. Basi. Zaidi ya hapo ni makubaliano mengine na hela nyingine.

Alafu muombe akupe hela kidogo ya kukaa nayo, elfu hamsini au laki, ya vitu vidogo. Vinginevyo utakuwa unampigia simu kwa ajili ya tredi tepu na simu hapokei, mpangaji anakuona wewe ndo mbaya.

La umeme nawaachia wenyewe.

Dada Ampea

Wenyewe tumefika. Mimi ni fundi umeme mwenye leseni, niko hapahapa Mbeya, na hiyo picha uliyoielezea nimeiona kwenye majengo mengi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Ngoja tupige hesabu kidogo. Shawa za moto zinazouzwa madukani kwetu nyingi ni wati 5,400 au 5,500 ukiiweka kwenye moto wa mwisho. Gawa kwa volti 230 unapata karibu ampea 24. Waya wa 2.5 ukiwa ndani ya kondwiti (bomba la kupitishia waya) kwenye ukuta unabeba ampea 20 mpaka 24, inategemea umepitaje na umebanana na waya ngapi humo ndani. Maana yake shawa hiyo iko ukingoni kabisa au imeshavuka. Breka ya 20 ilipokuwa inakata haikuwa mbovu. Ilikuwa inafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya. Breka kazi yake ni kuulinda waya, sio kuilinda shawa wala kumfurahisha mpangaji. Ukiweka ya 40 kwenye 2.5 umeiambia breka isubiri mpaka ampea 40 na zaidi ndo istuke, wakati waya umeshaanza kuiva zamani. Yani sasa hivi kitu dhaifu kuliko vyote kwenye hiyo njia ni waya uliofukiwa ukutani, na wenyewe ndo utakaokata siku moja, kwa moto.

Watu wanafikiri shawa zinakata Juni na Julai kwasababu maji ni ya baridi yanakula umeme mwingi. Hapana. Elementi inakula kilekile. Kinachobadilika ni kidole cha mpangaji. Kuanzia Septemba anaoga swichi ikiwa katikati, baridi ya Mbeya ikishuka anaipeleka mwisho, na maji hayapati moto anaotaka kwahiyo anaipunguza koki na anakaa humo muda mrefu. Mwisho wa swichi, muda mrefu, asubuhi moja watu wote. Ndo maana malalamiko yanakuja yote kwa mkupuo.

Kuungua kwa pale kwenye skrubu kunaweza kuwa na sababu ya pili, skrubu haikukazwa. Waya uliolegea unatengeneza joto hata kama mzigo ni mdogo. Kwahiyo usije ukaweka breka mpya ukasema umemaliza. Ule urefu wa waya ulioiva unakatwa mpaka ufike kwenye shaba safi, na kama ganda limekakamaa mpaka ndani ya bomba waya wote unatoka.

Suluhisho halali ni kuvuta waya mnene wa 6 kutoka kwenye boksi mpaka bafuni na breka ya 32. Kama kondwiti ni pana na haina kona nyingi waya wa zamani unautumia kuvutia mpya, hubomoi kitu. Kingine cha lazima ukiwa hapo, pima ethi, yani waya wa ardhini. Fungua koki ya bafuni waulize wapangaji kama huwa wanasikia ganzi mkononi wakigusa bomba. Kama wapo wanaosema ndio, zima shawa hiyo siku hiyohiyo. Maji, miguu mitupu na ethi iliyokatika ndo vinaua watu bafuni. RCD ya miliampea 30, kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, iwekwe kila flati, mzee akilalamika bei mwambie ni rahisi kuliko jeneza.

Na wewe fundi, nakuambia kama dada yako, hizo breka nne usizibadilishe. Leseni huna. Sheria ya Umeme ya 2008 ipo na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ndo wanatoa leseni za ufungaji. Siku flati ikiungua mzee hatasema yeye ndo aliagiza, atasema fundi wangu ndo alifunga, na kweli mkono utakuwa ni wako.

Mama mwenye nyumba Sae

Nimesoma nikaona niseme maana humu mafundi mnasifiana tu. Mimi ninazo flati sita. Hayo mambo ya kuvuta waya wa 6 flati zote mnajua ni shilingi ngapi? Waya wa 6 sio waya wa taa, na fundi ukimwambia avute anakuambia kondwiti imeziba lazima achimbe ukuta, akichimba anataka plasta, rangi ya pale hailingani, mwisho napaka chumba kizima. Na mpangaji wakati huo anataka nimpunguzie kodi.

Halafu mshahara. Laki tatu na nusu mnaweza kuiona ndogo, sawa, lakini huyo fundi kwenye flati kumi na mbili kuna siku nzima hana cha kufanya amekaa anachezea simu. Mimi wa kwangu nilimuweka kwa mwezi, baada ya muda nikagundua asubuhi yuko kwenye kazi za watu mtaani na spana zangu. Kwahiyo na ninyi semeni ukweli.

Dada Ampea

Mama shikamoo. Sijasema flati zote ziguswe siku moja. Anza na ile iliyobabuka, hiyo haisubiri. Zile nyingine nne zinazokata ziache na breka zao za 20 na umpunguzie mpangaji mzigo. Kuna shawa za wati 3,500, hizo ni kama ampea 15, waya wa 2.5 unazibeba vizuri tu. Maji hayatakuwa ya kunyonyolea kuku ila mtu anaoga. Au ukiwa na nafasi darini weka hita ya tanki ya lita 50, nyingi ni wati 1,500 mpaka 2,000, inapasha taratibu na kuhifadhi, waya huohuo unatosha. Kwa baridi yetu na jua letu la mchana hata za sola juu ya bati zinalipa kwa muda mrefu, ila kununua mara ya kwanza hapo ndo mkono unatetemeka.

Mama mwenye nyumba Sae

Marahaba mwanangu. Hiyo ya 3,500 sijawahi kuambiwa na fundi yeyote, wote wananiambia breka tu.

Sinki_la_Jirani

mimi ni mpangaji Ilomba sio fundi ila naomba fundi yeyote anayeenda kuishi kwenye jengo la watu asikie hili, GONGA MLANGO. fundi wa kwetu ana funguo za akiba anaingia tu, nimetoka kazini nakuta koki imebadilishwa na viatu vimetembea kwenye kapeti sijui nani kaja. hata kama umetumwa na mwenye nyumba tuma meseji jana yake, njoo mtu akiwepo, na kama hayupo ingia na mtu mwingine mmoja. siku kitu kikipotea humo ndani utaanza kutaja mababu

na ile kuta kuota ukungu mweusi nyuma ya kabati mnasema kila siku ni bomba linavuja wakati bomba halipo upande huo, hebu mtufafanulie

Mnyalu wa Kihesa

Sinki la Jirani hilo la kugonga mlango nakuunga mkono, mimi funguo za akiba sikai nazo kabisa, anakaa nazo mlinzi na zinaandikwa kwenye daftari nani kachukua saa ngapi.

Ukungu. Mara nyingi wakati wa baridi sio bomba. Watu wanafunga madirisha kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka asubuhi, wanapika humo, wanaoga maji ya moto, wanaanika nguo ndani kwasababu nje hazikauki. Mvuke wote unaenda kugonga ukuta wa nje ambao ni wa baridi kuliko zote na nyuma ya kabati hakuna hewa. Sogeza kabati kiganja kimoja kutoka ukutani, fungua dirisha la bafuni na jikoni kila siku hata nusu saa. Namna ya kutofautisha ni rahisi, ukungu wa mvuke unaanzia juu kwenye pembe na nyuma ya vitu, maji ya chini yanayonyonywa na ukuta yanaanzia chini rangi inachubuka na kuacha chumvi nyeupe, na bomba linalovuja linaacha doa ambalo halikauki hata kiangazi.

Na hapohapo nakuambia Fundi Nzovwe, kwenye mikoa yetu hii ukiwa fundi wa jengo kuna kitu kimoja cha kuwa mkali nacho, jiko la mkaa kuingizwa chumbani kupasha joto. Ile hewa ya mkaa haina rangi wala harufu, mtu anasinzia haamki. Mimi nikimkuta mpangaji nalitoa mlangoni palepale atukane anavyotaka.

Kibao_cha_Zege

Mimi nimewahi kuwa ofisi ya rasilimali watu, naongelea upande wa mkataba tu maana naona mnaupita.

Mzee anaposema "saa za nini unaishi hapahapa" hapo ndo pa kusimama. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, siku sita, na saa 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni ovataimu, inalipwa mara moja na nusu, na haizidi saa 50 ndani ya wiki nne. Siku ya mapumziko ukiitwa kazini ni mara mbili. Likizo siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Kulala kwenye jengo hakufuti hata kimoja kati ya hivyo. Muweke simu ya dharura na muelewane dharura ni nini, bomba limepasuka, maji taka yanarudi ndani, umeme unanuka. Bulbu imeungua saa nne usiku sio dharura, ana tochi ya simu.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri hawezi kukukata zaidi ya nusu yake, kwahiyo kama mshahara ni laki tatu na nusu kwako inatoka 35,000 na yeye anaweka 35,000. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi WCF huo analipa mwajiri peke yake wewe hukatwi. Fundi anayepanda kwenye matanki juu ya ghorofa ya tatu kila wiki akikubali bila hivyo viwili atakuwa amejipunja mwenyewe. Vifaa vya usalama, glavu, buti, mkanda wa kupandia, navyo ni vya mwajiri kununua.

Hata kama ataandika kwa mkono kwenye karatasi ya kaunta buku, mwambie aandike na msaini wote.

Chemba_Master

Mimi nitampa njia nyingine kabisa. Usiajiriwe. Niko Uyole, nina majengo manne ninayahudumia kwa mwezi, kila jengo nalipwa kiasi chake hata kama hakuna kilichoharibika, naenda siku maalumu nazunguka, nakagua matanki na boya zake, nafungua chemba naangalia, nasikiliza malalamiko, spea ni za mwenye jengo. Ikija dharura nje ya siku yangu kuna bei yake. Vifaa ni vyangu kwahiyo hakuna wa kuniambia natembea na spana zake (Mama wa Sae salamu 😂).

Kinachonipa hela kweli ni maji taka. Fundi wengi hawapendi kufungua chemba, mi napenda maana huwa haidanganyi, ukifungua unajua wapangaji wanaishije. Flati za juu wakimwaga mafuta ya kukaangia kwenye sinki, kwa baridi hii yanaganda kwenye elbo ya kwanza kama mshumaa, alafu pedi na taulo za mtoto zinakuja kunasa hapohapo, Jumamosi usiku wa chini anapokea mzigo wa jengo zima bafuni. Mimi kila jengo nafungua chemba zote kabla haijawa tatizo, napitisha fito napiga maji, kazi ya asubuhi moja. Tangu nianze hivo simu za usiku zimepungua sana.

Tahadhari moja fundi, shimo la maji taka usiingie hata siku moja hata wakikuongezea hela, hata kama limenyonywa na gari likaonekana tupu. Ile gesi ya humo ukivuta mara mbili unadondoka na anayeshuka kukuokoa anadondoka juu yako. Gari la kunyonya lipo, lije.

Ubaya wa njia yangu ni barabara. Huku kwetu wanapanua njia nne, ukiitwa jengo la Iwambi ukiwa Uyole asubuhi unaweza kufika maji yameshakauka yenyewe. Tafuta majengo ya eneo moja.

Ndaga_Fijo

mwee kumbe kazi ya chemba ina wapenzi wake

Fundi_Nzovwe

Aisee wakuu nashukuruni sana, nimesoma zote mara mbilimbili. Dada Ampea nimepiga picha maelezo yako nikaenda nayo kwa mzee.

Nilianza na la breka, sikumwambia fundi aliyepita alikosea, nilimuonyesha tu waya kwa macho yake. Nilizima breka kuu nikapima kwa testa, nikaufungua nikaukunja kidogo ganda likapukutika mkononi kama ganda la karanga. Akanyamaza. Akauliza na zile nne nilizotaka uziweke nazo zingekuwa hivi? Nikamwambia ndio mzee. Amekubali kutafuta mtu mwenye leseni aikague ile flati na nyingine zote, na ile shawa imezimwa kwa sasa, mpangaji anachemsha maji kwa gesi na ameninunia mimi.

Mkataba hapo ndo kazi. Kuandika hataki, anasema yeye na mafundi wake wanaaminiana, na NSSF akasema hiyo ni mambo ya makampuni. Nikamuuliza sasa mzee nikianguka kwenye tanki? Akasema Mungu apishe mbali. Kwahiyo nikamgeuzia ya Chemba Master, nikamwambia basi nisiwe mfanyakazi wako, nije siku mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, kwa laki mbili, dharura elfu ishirini ya kufika kabla ya kazi, spea kwa risiti, umeme nisiguse zaidi ya bulbu na swichi iliyovunjika. Chumba cha uani akae nacho. Alilalamika lakini karatasi hiyo kasaini, naona kwasababu haikuwa na neno NSSF ndani yake. Kijiwe naendelea nacho siku nyingine.

Sasa swali dogo. Flati mbili za juu kabisa shawa haziwaki hata swichi ikiwa mwisho, maji yanatoka ya baridi tu, ila za chini zinawaka. Umeme unafika, nimepima. Ni elementi?

Dada Ampea

Elementi mbili kufa pamoja sio rahisi. Tanki lako liko juu kiasi gani kutoka kwenye hizo shawa?

Fundi_Nzovwe

Limekaa kwenye zege hapohapo juu ya dari, kama mita moja hivi ukitoa kimo cha shawa.

Dada Ampea

Basi ndo hapo. Ndani ya shawa kuna kipira, maji yakija na nguvu yanakisukuma kinagusanisha umeme. Mita kumi za kimo ndo zinakupa ba moja ya msukumo wa maji, wewe una mita moja ambayo ni sehemu ya kumi tu ya hiyo, na tanki likishuka nusu huna hata hiyo. Za ghorofa ya chini zinawaka kwasababu zina mita saba nane juu yake. Kabla hujamwambia mzee kitu fungua shawa usafishe kile kichujio cha kwenye maingilio ya maji, kwa mchanga wa mabomba yetu huwa kimejaa, na toa ile plastiki ya kupunguza maji kama ipo. Ikigoma, ama tanki lipandishwe kwenye stendi ama pampu ndogo ya kusukuma kwa flati hizo mbili tu.

Chemba_Master

Stendi ya tanki la lita 5,000 ni tani tano za maji mkuu, usimkubalie mzee akuambie umwite mchomeleaji wa jirani. Pampu.

Fundi_Nzovwe

Kichujio nimefungua, kilikuwa kimejaa mchanga mpaka kimekuwa kigumu. Moja imewaka kwa kusuasua, ya pili bado. Ijumaa naenda na bei za pampu, mwenye kujua duka zuri Sokomatola au Mwanjelwa ani-PM.

Mama mwenye nyumba Sae

Na mimi nitumie hizo bei fundi. Na siku ya Jumatano una nafasi? Nina chemba.